MWENYE ARDHI KATIKA TANGANYIKA: HISTORIA YA SHERIA NA YA NENO

Nani mwenye ardhi nyingi kuliko wote katika nchi? Swali hili ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Ziko nchi ambazo jibu lake hupatikana kwa kufungua daftari la hati na kuhesabu eka za kila tajiri. Katika Tanganyika ya zamani, ambayo leo ni Tanzania Bara, daftari la namna hiyo halitoshi. Nchi ni pana: Jamhuri nzima, pamoja na visiwa na maji yake, ina kilomita za mraba zipatazo 945,000. Wengi wa watu wake wakaa vijijini, na sehemu kubwa ya mashamba yao haikuandikwa katika hati yoyote. Kwa hiyo jibu halina budi kutafutwa katika sheria, na pia katika maneno yaliyotumiwa kuzieleza sheria hizo.

Kiswahili kina njia mbili za kutaja jambo hili. Ya kwanza ni -enye: mwenye shamba, mwenye nyumba, mwenye mji. Neno hili laonyesha kwamba mtu na kitu wako pamoja; halisemi amekipataje wala aweza kukiuza au hawezi. Kwa shina hilohilo hupatikana mwenyewe, na pia mwenyeji, yaani mtu wa mahali. Njia ya pili ni kumiliki, neno lenye asili ya Kiarabu, lililokuja pamoja na sheria ya Kiislamu ya mali, hati na urithi. Kumiliki ni kuwa na amri juu ya kitu. Mtu aweza kumiliki shamba asilolikanyaga hata siku moja; lakini ni vigumu kumwita mwenyeji wa hapo.

Kabla ya utawala wa kigeni desturi za nchi hazikuwa za namna moja. Uchaggani kihamba cha migomba kilirithiwa katika ukoo. Buhaya palikuwa na nyarubanja, mashamba ambayo Mukama aliwagawia jamaa zake na watu aliowapenda, na waliokuwa wakikaa humo wakawa wapangaji wenye kutoa kodi na utumishi. Wafugaji walishirikiana malisho na maji kwa kufuata majira. Pwani udongo ulikuwa jambo moja na miti jambo jingine, hata mtu akaweza kuwa mwenye minazi katika ardhi ya mwenziwe. Walakini katika desturi hizi zote palikuwa na kanuni moja: haki ilitokana na kuwa mtu wa mahali na kuitumia ardhi.

Kanuni hiyo ilipata pigo tarehe 26 Novemba 1895, Kaisari wa Ujerumani alipotoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Watu binafsi, wakuu wa nchi na jamii za wenyeji waliachiwa nafasi ya kuthibitisha madai yao, na maagizo yaliyofuata yakataka wenyeji wabakiziwe ardhi mara nne ya ile waliyokuwa wakiilima. Lakini uzito wote ulikuwa katika maneno "isiyo na mwenyewe". Konde lililolazwa lipate nguvu, malisho ya kiangazi na msitu wa matambiko, vyote vilionekana kwa ofisa mgeni kuwa havina mtu. Mkonge, ulioletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, ukabakiwa na miche 62 tu iliyopandwa karibu na Pangani, ulienea baadaye katika mashamba makubwa ya Tanga. Hata hivyo, ardhi waliyopewa walowezi na makampuni haikufika sehemu moja katika mia ya nchi. Mwenye ardhi nyingi kuliko wote, kwa mujibu wa amri ile, alikuwa dola yenyewe.

Waingereza waliposhika nchi chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa hawakuibadili hali hiyo kwa shina lake. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza kwamba ardhi yote ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, itumiwe kwa faida ya wenyeji. Mgeni hakuuziwa ardhi moja kwa moja. Alipewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Waliokwisha kupata umilikaji kamili wakati wa Wajerumani waliachiwa. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa, nayo haki ya jamii za wenyeji wanaotumia ardhi kwa mila zao ikatajwa wazi kuwa haki ya kuikalia.

Udhaifu wa kinga hiyo ulionekana Meru. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, ili nafasi ipatikane kwa mashamba ya mifugo ya Wazungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kulipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati huo, lakini tangu hapo habari ya ardhi ikawa habari ya siasa ya nchi nzima.

Mwaka 1958 Serikali ya kikoloni ilipendekeza kwamba Waafrika nao waruhusiwe kupata umilikaji kamili, wenye kuuzika. Julius Nyerere aliupinga mpango huo katika andiko lake "Mali ya Taifa". Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi haikuumbwa na mtu. Kilicho cha mtu ni jasho alilolitia humo. Aliona kwamba soko la ardhi lingewafanya wachache kuwa wenye nchi na walio wengi kuwa wapangaji wao. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilifuta umilikaji kamili ukawa ukodishaji wa miaka 99, na mwaka 1965 wapangaji wa nyarubanja wakafunguliwa. Lakini ile haki kuu ya Gavana haikufutwa: ilihamia kwa Rais.

Matokeo yake yalionekana katika uhamishaji wa watu vijijini miaka ya 1973 hadi 1976, ambapo mamilioni walihamishwa na wengi wakapewa mashamba yaliyokuwa ya wengine. Waliopoteza walipokwenda mahakamani, sheria ya mwaka 1992 ilijaribu kuzifuta haki zao za kimila. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Wakati huohuo Tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imependekeza ardhi itolewe mikononi mwa Serikali, na ile ya vijiji iwekwe chini ya mikutano ya wanakijiji wenyewe. Pendekezo hilo halikukubaliwa.

Sheria mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zasema kwamba ardhi yote ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Zimeigawa katika mafungu matatu: ardhi ya vijiji, ambayo hukadiriwa kuwa sehemu 70 katika mia, ya hifadhi, sehemu zipatazo 28, na ya jumla, sehemu 2 tu. Basi kwa hesabu ya matumizi, wanakijiji ndio wenye ardhi nyingi kuliko wote. Kwa hesabu ya sheria, mwenye yote ni mdhamini.

Tofauti ya hesabu hizi mbili si ya vitabuni tu, kwa sababu fungu laweza kubadilishwa. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 yahitaji kibali cha mkutano mkuu wa kijiji ili ihamishwe; ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti wakapelekwa Ngorongoro. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za malisho katika Loliondo zilifanywa hifadhi, na wafugaji wakapinga hata mahakamani.

Hapa ndipo lugha irudipo. Haki ambayo Kiingereza cha sheria huiita haki ya kukalia, Kiswahili cha Serikali huiita hakimiliki, na cheti apewacho mkulima huitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Mkulima akisoma neno hilo huelewa kwamba amekuwa na amri juu ya shamba lake. Sheria yamwambia kwamba amepewa kulikalia. Amri ya mwaka 1895 ilichukua ardhi kwa kusema haina mwenyewe. Sheria ya leo yakiri kwamba anaye, na ni hatua kubwa. Lakini neno kumiliki limetangulia mbele, na sheria bado haijalifikia.