Debe Baada ya Mafuta Kwisha

Katika Afrika Mashariki, historia ya mapambo ya nyumbani yaliyotokana na vyombo vitupu haiwezi kutenganishwa na historia ya mafuta ya taa, kwa sababu debe lililoyaleta mafuta hayo liliingia katika nyumba ya tajiri na ya fukara pia, na mafuta yalipokwisha likabaki humo. Neno lenyewe lina asili ya Bara Hindi, ambako dabba ni kopo au kijisanduku chenye kifuniko.

Kabla ya mafuta ya taa kuzoeleka, taa za pwani ziliwaka kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Baada ya kisima cha mafuta kuchimbwa Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, Wamarekani walitafuta masoko ya ng'ambo, na Unguja, iliyokuwa na mkataba wa biashara nao tangu 1833 na ambayo watu wake walikwisha kuizoea nguo ya merikani, ilikuwa miongoni mwa masoko hayo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Mafuta yalisafirishwa katika madebe mawili yaliyopangwa ndani ya kasha moja la mbao, kila debe likichukua galoni 5 za Kimarekani, yaani takriban lita 19. Kwa kuwa kiasi hicho kinazidi kidogo tu galoni 4 za Kiingereza, debe liliingia kwa urahisi katika vipimo vya watawala Waingereza, likawa kipimo cha mahindi, mchele na chokaa hata pale ambapo hapakuwa na tone la mafuta.

Thamani ya chombo kitupu ilidhihirika zaidi Mashariki ya Mbali mwaka 1892, pale mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, alipotuma meli yake, Murex, kupitia Mfereji wa Suez ikiwa imebeba mafuta katika matangi badala ya madebe. Alitarajia kuwa bei nafuu itawavuta wanunuzi waje na vyombo vyao wenyewe, lakini wanunuzi waliokwisha kuyageuza madebe ya Wamarekani kuwa mapaa, vikombe na taa hawakukubali kununua mafuta bila debe, na Samuel akalazimika kupeleka mabamba ya bati huko huko ili madebe yatengenezwe papo hapo, yakiwa na rangi nyekundu ya kung'aa. Ni vigumu kupata ushahidi ulio bayana kuliko huo kwamba mnunuzi hakuliona debe kuwa taka iliyosalia baada ya bidhaa kutumika. Alilihesabu ndani ya bei tangu alipofungua mkoba.

Kilicholifanya debe lifae ni bamba lake: chuma chembamba kilichopakwa bati, madini yanayozuia kutu, ambacho hukatwa kwa mkasi, hukunjwa kwa mkono na kuunganishwa kwa lehemu, yaani risasi na bati vilivyoyeyushwa pamoja. Kwa vifaa hivyo vichache, na bila mtambo wowote, fundi bati alilikunjua debe na kulinyoosha likawa kipande cha kuezekea au cha kufunika mlango. Makopo madogo, hasa ya maziwa, aliyageuza kuwa koroboi, ambayo wengine huiita kibatari, taa isiyo na kioo yenye utambi wa pamba uliopenyezwa katika mrija wa bati. Maofisa wa kikoloni waliyatazama mapaa ya madebe kwa dharau na kuyahesabu miongoni mwa dalili za mitaa duni, ingawa yalikuwa na faida moja ambayo makuti hayakuwa nayo: hayakushika moto.

Mpaka kati ya kifaa na pambo haukuwa wazi, na pengine mtafiti anayeusaka huwa anauleta kutoka kwingine. Mlango uliofunikwa kwa bati ulizuia mchwa, lakini misumari yake ingeweza kupangwa kwa safu na maua. Sanduku la bati, ambalo Tanzania huitwa tranka, lilihifadhi nguo, na kifuniko chake kikapakwa rangi na kuchorwa. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Gikomba na Kamukunji jijini Nairobi, ambao wanajulikana Kenya kwa jina la jua kali kwa kuwa hufanya kazi pasipo kivuli, waliifanya kazi hiyo kwa miongo mingi kabla ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya kuizingatia sekta yao kama sehemu halisi ya uchumi.

Upande wa wanawake wa pwani, chombo kitupu kilipata kazi nyingine. Nyumba ya mawe isiyo na bustani ilihitaji kitu cha kupandia mrehani na asumini, maua yanayotiwa katika vikuba, yaani vishada vya kunukia ambavyo mwanamke hujipamba navyo, na debe lililotobolewa matundu chini lilikidhi haja hiyo. Baadaye makopo ya siagi na ya mafuta ya kupikia yalifuata njia hiyo hiyo, yakapakwa rangi iliyobaki baada ya kupaka madirisha na kupangwa barazani.

Dumu la plastiki liliposambaa, mafundi walipoteza malighafi, kwani plastiki haishiki lehemu. Jina halikutoweka: sokoni ndoo ya plastiki ya lita 20 bado huitwa debe, na anayewaita abiria vituoni bado anapiga debe, ingawa mkononi hana bati la kugonga. Nalo dumu, likichakaa na kuvuja, hukatwa nusu kwa kisu na kujazwa udongo, mrehani ukapandwa humo.