Jibini la Masisi na Barabara ya Sake

Jibini la Goma halitengenezwi Goma. Hutoka milimani, ng'ambo ya Sake, kwenye mashamba ya Masisi yaliyo mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hushushwa kwa pikipiki au lori, hupita barieri moja baada ya nyingine, yaani vizuizi vya barabarani, ndipo lifike kwenye maduka ya Birere na Himbi. Mji umelipa jina lake kwa sababu ndio unaolinunua, na ndio uliolisafirisha Bukavu na Kinshasa. Watu wa Kinshasa wanaoagiza fromaji ya Goma wengi wao hawajawahi kusikia majina ya Masisi kama Lushebere wala Ngungu. Naona hilo ni deni ambalo mji unadaiwa na mlima.

Kwingineko duniani, mgeni anayepanda mlimani kutafuta chakula na kinywaji cha mahali hupokewa na shamba la mizabibu: anakaribishwa ghalani, anaonjeshwa divai, anakaa mgahawani akitazama bonde. Kivu ya Kaskazini haijulikani kwa mizabibu, na sababu kubwa ni mvua. Dodoma imefaulu kwa zabibu kwa kuwa kiangazi chake ni kirefu na kikavu, ukungu hauna nafasi ya kushambulia majani, na wakulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka. Masisi hupata mvua karibu mwaka mzima, isipokuwa wiki chache kati ya Juni na Agosti. Mzabibu ungeozea pale. Kinachostawi ni nyasi, juu ya udongo mweusi wa volkano, kilima baada ya kilima, na penye nyasi za namna hiyo ng'ombe hawakosi kufika.

Lakini hawakufika wenyewe. Bahunde, wenyeji wa Masisi, walikuwa kwanza wakulima, na sehemu kubwa ya vilima vinavyoonekana leo kama zulia la kijani ilikuwa msitu. Utawala wa Kibelgiji ulianzisha Comité National du Kivu mwaka 1928 ili kugawa ardhi kwa masetla, na mashamba makubwa ya kahawa, chai, pareto na mifugo yakakatwa kwenye vilima vya watu. Mwaka 1937 ukaja mpango mwingine, Mission d'Immigration des Banyarwanda, ulioleta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Gishari na maeneo ya jirani, kupunguza msongamano huko na kupata vibarua huku. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1955. Miti iliangushwa, uzio ukapandwa, na ng'ombe wa Ulaya, Friesian weusi na weupe na wale wa kahawia wa Uswisi, wakachanganywa na ng'ombe wa pembe ndefu wa nchi hii. Mandhari ambayo wageni huisifu kuwa ni Uswisi ya Kongo ilijengwa kwa shoka, na kwa mikono ya watu ambao hawakuulizwa. Kesi za ardhi zilizozaliwa miaka hiyo zinaendelea mpaka leo, nyingine mahakamani, nyingine kwa bunduki.

Goma ukiuliza nani aliyeleta jibini, utajibiwa haraka: mapadre wa Kibelgiji. Jibu hilo linatupeleka Mokoto. Mwaka 1954 watawa wa Kitrapisti kutoka abasia ya Scourmont, karibu na mji wa Chimay kusini mwa Ubelgiji, walianzisha monasteri kando ya maziwa ya Mokoto, yale maji manne yaliyolala kati ya milima ya Masisi. Watrapisti wana kanuni ya kuishi kwa kazi ya mikono yao, na Scourmont ilikuwa imeishika kanuni hiyo kwa namna inayojulikana dunia nzima. Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 1850 kwenye ardhi yenye baridi na udongo mgumu. Mwaka 1862 watawa walianza kupika bia, na mwaka 1876 wakaanza kutengeneza jibini. Bia ya Chimay sasa inanywewa katika mabara mengi. Karibu na abasia, mahali paitwapo Poteaupré, pana nyumba ya wageni yenye mgahawa ambako msafiri hukaa mezani, akaletewa bia na vipande vya jibini, akaelezwa jinsi vilivyotengenezwa.

Huko Mokoto watawa walifuga, walilima na kufungua milango kwa watu wa vijiji vya jirani. Hawakuwa peke yao katika kazi ya maziwa. Masetla nao walikuwa na mashamba ya maziwa, na ujuzi wa jibini ukaenea kwa njia ambayo ujuzi wa mikono huenea siku zote: kijana aliyeajiriwa kuchota maji na kuchanja kuni alitazama, akajifunza, akahamia shamba lingine na kumfundisha mwenzake. Majina ya vijana hao hayakuandikwa popote, na hao ndio waliolibakiza jibini Masisi baada ya wageni kuondoka.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Alfajiri ng'ombe hukamuliwa kwa mikono malishoni, maziwa yakachujwa kwa kitambaa na kubebwa kwa bidoni hadi kwenye kibanda cha jibini, ambacho mara nyingi ni nyumba ya mbao iliyoezekwa mabati, moto wa kuni upande mmoja na rafu upande wa pili. Maziwa hayachemshwi. Hupashwa tu hadi vuguvugu la nyuzi thelathini na kitu, kisha hutiwa presure, dawa ya kugandisha ambayo asili yake ni tumbo la ndama anayenyonya. Ndani ya nusu saa au zaidi kidogo, chungu kizima kimeshikana kama uji uliolala. Fundi huukata mgando huo kwa kisu kirefu, wima kisha kingamo, mpaka uwe chembe ndogo, huku akikoroga polepole ili chembe zisivunjike. Maji ya manjano yenye ukijani kidogo yanayojitenga humwagwa kiasi, mengi yakaenda kwa nguruwe na ndama, na nafasi yake hujazwa na maji ya moto.

Hatua hiyo ya maji ya moto ndiyo inayoamua ladha. Huosha sehemu ya sukari ya maziwa, na sukari ikipungua uchachu nao hupungua. Kwa hiyo jibini hubaki laini, tamu kidogo, lenye kukatika vizuri kwa kisu. Ni njia ile ile ya gouda la Uholanzi. Baada ya hapo chembe hujazwa kwenye kalibu za duara, hukandamizwa kwa mawe au kwa gogo lililofungwa upande mmoja, huzamishwa kwenye maji ya chumvi, na kupangwa rafuni ambako hugeuzwa kila siku ili unyevu usikae upande mmoja. Lita 10 za maziwa hutoa takribani kilo 1 ya jibini. Hakuna jokofu. Baridi ya usiku wa Masisi inatosha, na ndiyo sababu kazi hii haikuweza kushuka Goma, penye joto zaidi, hata kama wanunuzi wako huko.

Jibini la wiki mbili au tatu lina ladha ya maziwa yenyewe, jeupe kuelekea manjano, na huyeyuka likiwekwa juu ya mkate wa moto. Likikaa miezi, linakuwa gumu, chumvi inajitokeza, na nyuma ya chumvi inakuja ladha ya nyasi kavu. Watu wa Goma wengi hula lile changa, kwa mkate na chai asubuhi, kwa ndizi mbivu, au vipande vidogo mezani pamoja na bia ya Primus. Mimi nalipenda lililokomaa, ingawa ni shida kulipata: mfugaji anayehitaji ada ya shule wiki hii hawezi kuliacha rafuni miezi minne.

Kwa nini wafugaji hawakuuza tu maziwa? Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita 25 hivi kandokando ya ziwa na juu ya lava, na kutoka Sake barabara inapanda kwa kona kali hadi Mushaki, kisha inaendelea Kitchanga kwa upande mmoja na Masisi kati kwa upande mwingine. Msimu wa mvua lori linaweza kulala matopeni usiku kucha. Maziwa hayasubiri. Jibini husubiri. Mwanamke wa kijiji kisicho na barabara kabisa anaweza kubeba mabonge mawili matatu kichwani hadi sokoni na kurudi na sabuni, chumvi na fedha ya dawa, kitu ambacho bidoni la maziwa lisingempa.

Mabadiliko makubwa ya kwanza baada ya uhuru yalikuja kwa hotuba. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire. Mwezi Julai mwaka huo huo sheria mpya ilikuwa imeifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Vilima vya masetla havikurudi kwa wenyeji walionyang'anywa enzi za Wabelgiji. Viliangukia mikononi mwa wakubwa wenye jamaa Kinshasa na Goma. Baadhi yao walikuwa wafugaji hodari, na kati ya miaka ya 1970 na 1980 Masisi ilijaa ng'ombe, vyama vya wafugaji vikaundwa, na jibini likawa bidhaa ya kupandishwa ndege. Lakini aliyekamua na aliyemiliki malisho waliendelea kuwa watu wawili tofauti. Yeyote anayeandika kuhusu uzuri wa vilima hivi bila kusema hilo anawadhulumu waliovifanyia kazi.

Mwezi Machi 1993 mauaji yaliyoanzia Ntoto, Walikale, yalienea hadi Masisi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kutoka Rwanda, na pamoja nao jeshi lililoshindwa pamoja na wanamgambo. Ng'ombe wa Masisi walichinjwa kwa makundi, wengine wakavushwa mpaka. Mokoto ilikuwa kimbilio: mamia ya Watutsi waliofukuzwa vijijini kwao walijificha ndani ya monasteri. Tarehe 12 Mei 1996 monasteri ilishambuliwa. Watu wengi waliuawa, waliosalia wakakimbia, mali ikaporwa, na watawa wenyewe wakalazimika kuondoka, wakaishi miaka mingi mbali na maziwa yao, Keshero, magharibi mwa mji wa Goma. Baadaye walirudi mlimani na kujenga upya. Monasteri ile ile iliyotoka katika abasia ya bia na jibini inabeba historia ya damu ambayo Scourmont haikuijua, na siwezi kuandika juu ya jibini nikaipita.

Jibini halikufa. Baada ya kila vita ng'ombe walirudi, wengine wakinunuliwa na maofisa wa jeshi na wafanyabiashara, na vibanda vikawashwa moto tena. Vilima vya Mushaki na Kitchanga vilikuwa ngome za waasi wa CNDP hadi mwaka 2009, na mabonge yaliendelea kushuka, ila kila kundi lenye silaha lilidai chake njiani. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu barieri 798 katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Bei ya jibini la Goma ina sehemu ya hizo barieri ndani yake.

Katika vipindi vya utulivu, mashamba machache yalianza kupokea wageni. Watu wa Goma, wafanyakazi wa mashirika na familia zilizotaka kupumua hewa baridi, walipanda Jumamosi asubuhi, wakalala kwenye nyumba za zamani za masetla au vibanda vya mbao, wakapanda farasi, wakatazama maziwa yakiganda. Jioni waliletewa viazi, nyama ya kuchoma na jibini la rika mbalimbali mezani. Hicho ndicho chumba cha kuonjea cha Kivu ya Kaskazini, na hakikukosa lolote ambalo mgeni wa Poteaupré hulipata. Mandhari ipo, ufundi upo, ukarimu upo. Tofauti ni kwamba huku mwenye shamba alihitaji kwanza kupiga simu kuuliza kama barabara ya Sake iko wazi.

Kisha vita vya waasi wa M23 vikarudi na kuifunga barabara hiyo mara nyingi. Kitchanga ilitekwa mwishoni mwa Januari 2023, Masisi kati mwanzoni mwa Januari 2025, kisha Sake, na ilipofika tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji walikuwa ndani ya Goma. Uwanja wa ndege, uliokuwa mlango wa jibini kuelekea Kinshasa, ulifungwa. Maelfu ya familia za wafugaji na vibarua wao walikuwa tayari wamepitisha miaka kwenye kambi za pembezoni mwa mji, wakinunua maziwa ya unga kwa watoto.

Anayetaka kuonja bila kupanda mlima anaweza kuanza na swali. Muuzaji wa jibini Goma, ukimuuliza mzigo umetoka kilima gani, mara nyingi anajua, na mara nyingi anamjua fundi. Atakukatia kipande chembamba ukionje kabla ya kulipa. La msimu wa mvua lina unyevu zaidi na halifai kuwekwa muda mrefu. La Julai ni kavu zaidi na hudumu. Angalia ganda lisiwe na nyufa, bonyeza katikati kwa kidole gumba, na ukirudi siku nyingine, litaje kwa jina la kilima chake.