SAFU YA LUGHA: Homa, mafua na mzio

Ingia duka la dawa mjini Garissa wakati wa upepo na vumbi, utasikia: "Nipe dawa ya homa, pua inachuruzika." Na mgonjwa mwenyewe hana joto hata kidogo! Homa ni joto la mwili kupanda. Sisi Wakenya tumeitwika kazi ya mafua. Mafua ni pua kuvuja au kuziba, mara nyingi kwa sababu ya virusi, na huisha baada ya siku kadhaa. Yale yanayorudi kila mti wa mathenge unapochanua, chafya mfululizo na macho kuwasha, huenda ni mafua ya mzio. Mzio umetokana na kitenzi zia, yaani kujiepusha na kitu. Wanaosema Kisomali wana xasaasiyad, neno lenye asili ya Kiarabu. "Aleji" sina ugomvi nayo, ila mzio tunao.

Linaloniudhi zaidi ni "kukausha mafua". Makamasi si uchafu: ni utando unaonasa vumbi, na vinyweleo vidogo mno huusukuma hadi kooni, tukaumeza. Ukikauka, ufagio huo unakwama. Piriton hukausha, tena huleta usingizi. Dawa za kupuliza za kuzibua pua, kama oksimetazolini, zikitumiwa zaidi ya siku tano, pua huweza kuziba upya. Maji ya chumvi yaliyotayarishwa vizuri husafisha. Steroidi ya kupuliza hutuliza mzio wenyewe, ingawa si kwa siku moja. Basi dukani usiseme "nikaushie". Eleza pua inafanyaje, tangu lini, na inachokozwa na nini.