Tangu Saa Sita Hata Saa Tisa

Kila mwaka Pasaka inapokaribia tunaulizwa: Je, sisi Waprotestanti yatupasa kuishika Ijumaa Kuu, au ni desturi ya wanadamu tu?

Tuanzie mbali kidogo. Mwishoni mwa karne ya nne mwanamke msafiri, jina lake Egeria, alikuwako Yerusalemu, akaandika aliyoyaona. Siku ile Wakristo walikusanyika Golgotha tangu saa sita hata saa tisa, wakasomewa habari za mateso ya Bwana katika Zaburi, manabii, mitume na Injili, na kati ya masomo wakaomba. Asema walilia wote, wakubwa kwa wadogo. (Sisi tusomao Kiswahili tumebarikiwa: saa za Injili ndizo saa zetu. Mzungu hana budi kuzihesabu upya.)

Huku Ukambani siku hiyo ilifika kwa njia mbili zisizofanana. Walutheri wa Leipzig walikuwako Ikutha na Mulango, upande wa Kitui, kabla ya 1900. Kwao Ijumaa Kuu ni siku kubwa mno; huko Leipzig kwenyewe, mwaka wa 1724, Bach alitoa muziki wake wa Mateso kwa Injili ya Yohana katika ibada ya siku hiyo.

Njia ya pili ni Africa Inland Mission. Mwanzilishi wake, Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow, alifika Nzaui mwaka wa 1895, akafa 1896. Na huko Uskochi, watengenezaji wa Kanisa walikuwa wamezikataa sikukuu mwaka wa 1560, hata Krismasi, wakaibakiza Jumapili, kwa kuwa hawakuona amri yake katika Maandiko. Misheni hiyo ilifungua kituo Mbooni mwaka wa 1908, na baada ya vita vya 1914–1918 vituo vya Walutheri navyo vikawa chini yake.

Basi wazee wawili wa kanisa hapa Kikima wakitofautiana juu ya siku hii, tusishangae. Paulo katika Warumi 14 amewapa nafasi wote wawili, mradi kila mmoja afanye kwa Bwana.

Lakini Waskochi wale waliogopa siku inayoshikwa kwa mazoea bila moyo, na hofu yao twaiona kwetu. Serikali imetupa mapumziko. Magari ya kutoka Nairobi na Machakos yamejaa, mbuzi amechinjwa saa nne, na saa sita kanisani wako akina mama na watoto tu. Mskochi aliyeikataa siku alimkumbuka Bwana Jumapili. Sisi tumeipokea siku, na mwenye siku tumempa nini?

Mwaka huu, katika saa hizo tatu, tusome Yohana 18 na 19 kwa sauti, watoto wakisikia. Aliye safarini na asome garini. Mbuzi atangoja hata Jumapili.