Macho ya Mtoto Mchanga: Uvumi na Ukweli Kuhusu Kisonono

 

Mtoto ana siku tatu. Kope zimevimba, macho yanatoa usaha. Jirani anasema ni kijicho cha mgeni aliyekuja kumtazama. Shangazi anasema, "Mkamulie maziwa ya mama machoni, yatapona." Huku mkingoja, mtoto anaweza kupofuka kwa siku chache tu.

Zamani ugonjwa huu uliwapofusha watoto wengi hata Ulaya. Mwaka 1879, daktari Mjerumani, Albert Neisser, aliona vijidudu vya kisonono kwa hadubini. Alivikuta hata katika usaha wa macho ya watoto wachanga. Kumbe si kijicho! Mtoto huambukizwa anapopita katika njia ya uzazi.

Mwaka 1880, huko Leipzig, daktari wa uzazi Carl Credé alianza kuwatia watoto matone ya dawa machoni mara tu walipozaliwa. Hapo awali, takriban mtoto 1 kati ya 10 katika hospitali yake aliugua. Baadaye ikawa chini ya 1 kati ya 100.

Hapa kwetu pia tuna ushahidi. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba dawa ya kupaka ya tetrasaiklini ilipunguza kisonono cha macho kwa takriban asilimia 93.

Mama mwingine atasema, "Mimi sina dalili, basi sina ugonjwa." Huo ni uvumi. Wanawake wengi wenye kisonono hawahisi chochote. Wengine humwita mama huyo malaya. Huo nao ni uonevu, kwani mke mwaminifu anaweza kuambukizwa na mumewe.

Basi tufanye nini? Ukiwa mjamzito, hudhuria kliniki na umweleze muuguzi bila haya. Ukijifungua, hata kama ni nyumbani, uliza: "Mtoto amepakwa dawa ya macho?" Usaha ukionekana, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Si kila usaha ni kisonono, lakini ni daktari atakayejua. Ikithibitishwa, mtoto, mama na baba watibiwe pamoja, la sivyo ugonjwa utarudi.

Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto. Mnyonyesheni, lakini macho yake yapelekeni hospitali.