Sahani Kabla ya Sarafu

Abiria anayeshuka kwenye meli ya kitalii pale Malindi, Unguja, akiwa na saa sita au nane tu kabla ya honi ya kuondoka, huwa na maswali matatu: aone nini, alipe kwa fedha gani, na ampe nani bakshishi, kiasi gani. Maswali hayo yanasikika kama ya zama hizi. Hata hivyo mwambao wetu umekuwa ukiyajibu kwa karibu miaka 2,000, na baadhi ya majibu yake ya kale yamelala ardhini kaskazini mwa Pemba, katika ujirani wa Shumba, pembe ya kisiwa ambako msafara wa watalii ni nadra kufika. Ninachokitetea hapa ni kwamba bakshishi, yaani zile sarafu anazopewa mtu harakaharaka na mgeni asiyetarajia kumwona tena, si mila ya asili ya pwani hii. Ilikua katika karne ya 19, ilipopatikana chenji na zilipokuja meli za moshi zisizongoja upepo. Kabla yake, malipo ya mgeni yalipitia kwa mwenyeji, na chakula kilitangulia fedha.

Ushahidi wa kwanza ni wa kale mno. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, kinataja vyombo vilivyokuja pwani ya Afrika Mashariki na manahodha wa Kiarabu waliojua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Kinaorodhesha bidhaa zilizoletwa kuuzwa, kisha kinaongeza kwamba katika baadhi ya bandari wageni walileta pia ngano na divai, si za kuuza, bali za kuwafanya wenyeji wawapende. Tangu mwanzo basi palikuwa na mizani mbili, moja ya biashara na moja ya wema, na mgeni mwenye akili hakuzichanganya. Karne 13 baadaye Ibn Battuta alipofika Mogadishu, mwaka 1331, alikuta mizani hizo zimewekewa utaratibu kamili. Meli ikiingia, vijana walitoka kuilaki kwa sambuki, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara alishukia nyumba ya kijana huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyemlalia mgeni kwa bei ya chini, au aliyemuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, kwa hiyo alipokewa na kadhi. Alipewa tambuu na marashi, akala wali wa samli kwa kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Alikaa siku tatu akiletewa chakula, na siku ya nne, Ijumaa, akaletewa nguo za kuvaa.

Msomaji makini atasema kwamba Mogadishu si Pemba. Ni kweli, na Ibn Battuta, aliyepitia Mombasa akaenda Kilwa, hakuandika neno juu ya Pemba. Lakini ardhi ya Micheweni, wilaya ilimo Shumba, imeandika kwa namna yake. Katika wilaya hiyo hiyo, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba makazi mawili yaliyopakana: Tumbe, kijiji kikubwa cha karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka, mji wa misikiti ya mawe uliostawi kuanzia karne ya 11. Fleisher alivitazama vigae vya vyombo vilivyotoka ng'ambo akagundua kwamba kadiri karne zilivyopita vibakuli vya kulia vilizidi kuwa muhimu. Hoja yake ni kwamba vyombo hivyo havikuwa pambo tupu, bali vilitumika kwenye karamu, na kwa karamu watu walijijengea cheo na kufungana kwa hisani. Kibakuli kimoja chenye rangi ya kung'aa, kilichovuka bahari pamoja na shehena, kilimalizia safari yake mbele ya watu wanaokula pamoja. Kwenye makaburi na misikiti mingi ya mwambao vibakuli kama hivyo vilichomekwa hata ukutani. Watu waliokithamini chombo cha kulishia kiasi cha kukijengea nafasi katika nyumba ya ibada walikuwa wakieleza wazi heshima ya mtu ilitoka wapi.

Wala isidhaniwe kwamba walitegemea sahani kwa sababu hawakuwa na sarafu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi wa kisiwa hiki hiki cha Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, za karne ya 11 na nyuma yake. Zile za fedha ni za hapa hapa pwani. Ni nyepesi, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, na kila moja imebeba upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, tena maneno ya pande hizo mbili yana vina. Kwa mtu aliyelelewa na utenzi, hiyo ni sarafu inayosomwa kama ubeti. Fedha ilikuwapo, basi, ikihesabiwa na kuwekwa akiba, na watu waliokuwa nayo walikuwa wa dunia moja na wale waliothamini vibakuli vya karamu. Sarafu ilijua mahali pake, na mahali pa kumpokea mgeni hapakuwa pake.

Kilichoushikilia utaratibu huo ni upepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Manga na Bara Hindi mwishoni mwa mwaka, na hakuna nahodha aliyeweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma miezi kadhaa baadaye. Mgeni wa msimu hakuwa mpita njia. Alihitaji paa, maji, ghala, mtu wa kumdhamini anapokopa na wa kumuuguza homa ikimshika. Mwenyeji naye alijua kwamba mgeni huyo, au mwanawe, angerudi msimu ujao. Katika hali hiyo malipo ya papo kwa papo kwa kila tendo dogo yangekuwa tusi, maana yangesema kwamba hesabu yetu imekwisha leo. Methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haimfukuzi mgeni. Inamwambia kwamba akishakaa ana sehemu yake ya kazi, na mtu mwenye sehemu ya kazi hapewi bakshishi wala hatoi.

Kwamba utaratibu huu haukuwa urembo wa tabia tu kunaonekana pale mwenyeji alipokosekana. Desemba 1608 meli Ascension, ya Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi Mashariki, ilitia nanga Pemba kutafuta maji. Mambo yalianza kwa amani, watu wakauziana vyakula, lakini mabaharia walioshuka kuteka maji walishambuliwa, na muda si mrefu damu zaidi ikamwagika baharini Waingereza walipokamata vyombo vya wenyeji. Siasa ilikuwamo, kwani Wareno walikuwa na nguvu pwani wakati huo na hawakumtaka mpinzani. Hata hivyo jambo moja lakumbukwa: wageni wale walikuwa na fedha na mahitaji, na hakukuwa na nyumba hata moja iliyosema huyu ni wangu. Mgeni asiye na mwenyeji hana wa kumwombea radhi akikosea wala wa kumtetea akikosewa, na kwenye ukimya huo kila mwendo wa mwenzako unatazamwa kama hila.

Bakshishi ilipata nafasi mambo mawili yalipobadilika. Kwanza ni chenji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 fedha kubwa ya Zanzibar ilikuwa reale ya Maria Theresa, iliyoendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 hata baada ya malkia huyo kufa, na reale moja ilikuwa kubwa mno kwa shughuli ndogo. Nafasi ya chenji ilishikwa na mtama. Katika utawala wa Seyyid Said ndipo zilipoletwa kwa wingi sarafu ndogo za shaba kutoka Uhindi, na jina lake ndilo tunaloitia fedha yote mpaka leo: pesa. Huwezi kumrushia mpagazi punje za mtama gatini, lakini pesa ya shaba inarushika. Pili ni haraka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kufikia 1872 meli za kampuni ya British India zilikuwa zikileta barua Zanzibar kutoka Aden, kisha mwaka 1890 wakafuata Wajerumani kwa meli zao za Afrika Mashariki. Abiria wa meli hizo, na baadaye wa Karanja na Kampala zilizokwenda na kurudi kati ya Bombay na pwani yetu hadi miaka ya 1970, waliweza kushuka asubuhi, wakatazama mji na kuondoka. Neno bakshishi lenyewe lina asili ya Kiajemi, nalo lilikuta bandari ambayo sasa ilikuwa na mgeni wa saa chache na sarafu ya kumtosha.

Maneno mengine ya Kiswahili yanathibitisha hoja hii kwa njia ya huzuni. Hongo, kwenye njia za misafara ya bara, ilikuwa ada ya wazi aliyotoa mkuu wa msafara kwa mwenye nchi ili apite salama. Leo ni jina la rushwa. Kilemba kilikuwa heshima anayopewa fundi na mwanagenzi wake baada ya kuhitimu, mbele ya watu. Leo, katika miji yetu mikubwa, kilemba ni fedha ya kificho inayodaiwa ili mtu apate chumba au fremu ya duka. Malipo hayo mawili yalikuwa halali yalipokuwa na mashahidi na uhusiano nyuma yake, na ulipotoweka uhusiano ikabaki fedha tupu, nayo ikaoza. Kwa sababu hiyo naona si haki kuwaita papasi, yaani kupe, vijana wanaowafuata wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Kijana yule anafanya kazi ya yule wa sambuki wa Mogadishu, anaikimbilia meli ili apate mgeni. Tofauti ni kwamba wa zamani alikuwa na nyumba nyuma yake, soko lililomtambua na sheria iliyomlinda mgeni wake asipunjwe.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza inasema kwamba ukarimu ule ulikuwa biashara iliyovikwa joho, kwa kuwa mwenyeji alipata faida yake katika kila mzigo, na kwamba katika miji mingi ya pwani mikono iliyopika na kubeba ilikuwa ya watumwa wasioulizwa kama wanataka mgeni. Sehemu zote mbili za pingamizi hiyo ni za kweli, na anayezificha anaidanganya historia. Sidai kwamba zamani palikuwa na usawa. Ninachodai ni kwamba palikuwa na dhamana: aliyefaidika na mgeni alijulikana kwa jina na aliwajibika kwake. Dhamana hiyo tunaweza kuirithi bila kurithi dhuluma iliyoandamana nayo, mradi ujira wa kila mkono uliofanya kazi utajwe na ulipwe. Pingamizi ya pili inasema kwamba maskini wa leo anahitaji ile noti, na kumhubiria habari za sahani za karne ya 14 ni anasa ya walioshiba. Naiheshimu hoja hii, lakini bakshishi haimtoi mtu kwenye shida. Inamfundisha kusubiri huruma, na huruma haina bei ya kujadiliwa wala siku ya mshahara. Anachokihitaji nahodha wa mtumbwi au mpishi wa kijijini ni bei yake, isemwe mapema na ilipwe kamili.

Hapo ndipo swali la fedha gani linapopata jibu lake pia. Zanzibar imetumia reale, kisha rupia ya Uhindi, kisha kuanzia 1936 shilingi ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1966 shilingi ya Tanzania. Kila badiliko lilimpa mjuzi wa viwango nafasi ya kumlalia asiyejua. Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni za kukataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Wako walioziona kama usumbufu kwa watalii, lakini kwa macho ya historia ni kanuni zenye busara, kwa maana bei iliyotajwa kwa shilingi inaeleweka sawasawa na muuzaji, mnunuzi na jirani anayesikiliza, na jirani anayesikiliza ndiye mlinzi wa kale kabisa wa soko letu.

Mgeni anayetaka kuiona Shumba na magofu ya ujirani wake ana saa chache, hilo halibadiliki, lakini anaweza kuziishi kwa adabu ya msimu. Atafute mwenyeji kwanza, kwa kupitia kwa sheha, yaani mkuu wa eneo, ili awepo mtu mmoja anayejulikana kuwa dhamana yake. Aulize bei ya chombo, ya chakula na ya kiongozi kabla hajaondoka, azibadili fedha zake ziwe shilingi, tena noti ndogo ndogo, na avae kama anayeingia kwa watu na si kama aliye ufukweni. Makaburi ya Chwaka ni makaburi, hayakanyagwi wala hayapigwi picha bila idhini. Watoto wasigawiwe sarafu njiani, na mwenye moyo wa kutoa aulize kama kuna mchango wa madrasa au wa kisima. Zaidi ya yote akubali kuketi mkekani na kula kabla ya kutoa mkoba wake, kisha alipe alichoagana, na akitaka kuongeza, aongeze wakati wa kuaga, mbele ya mwenyeji. Kwa kufanya hivyo atakuwa ameona kitu cha kale kuliko ukuta wowote uliosimama Chwaka, nacho bado kinapikwa.