Bumu, hisa na dhahabu ya nyumbani

Wadau, juzi nimerudi Dar kutoka nyumbani Kahama. Nilipita Buzwagi, mgodi uliosimamisha uzalishaji mwaka 2021, nikakumbuka ugomvi wetu wa chuo ambao sijawahi kuuandika hapa.

Mwaka 2018 tulikuwa watano, wote wa Kanda ya Ziwa. Bumu likitoka tunachanga, tununue hisa. Ule mchezo wa wanafunzi ulioanzishwa na Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2014 ulitufundisha kununua na kuuza, ila pale pesa ni za kufikirika. Ukipata hasara unacheka, unakwenda kula chipsi. Sisi tulitaka pesa yenyewe, na jioni ya kwanza tulibishana mpaka saa sita usiku juu ya jina moja: Acacia.

Acacia ndiyo ilikuwa na Bulyanhulu na Buzwagi. Mimi nikasema, kama dhahabu inaondoka basi angalau tubaki na karatasi yake. Mweka hazina wetu, dada wa Geita, akaniuliza, "Ukitaka kuuza, utamuuzia nani?" Nikakosa jibu. Ndipo tukaanza kuchimbua historia.

Kumbe dhahabu ile ilikuwa imeshauzwa kwa hisa miaka mingi, mbali na sisi. Bulyanhulu ilikuwa ya Sutton Resources, kampuni ya Vancouver. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wakaondolewa pale. Mwaka 1999 Barrick ya Toronto ikainunua Sutton, na 2001 mgodi ukaanza uzalishaji. Machi 2010 Barrick ikaipeleka African Barrick Gold (ndiyo iliyokuja kuitwa Acacia 2014) soko la London, peni 575 kwa hisa. Hiyo ni zaidi ya shilingi 11,000 za wakati ule, wakati hisa ya CRDB mwaka 2009 iliuzwa kwa umma shilingi 150!

Dar ililetwa Desemba 2011. Na hazikuwa hisa mpya kwa ajili yetu. Jina liliandikwa ubaoni, mauzo yakawa haba mno. Dada wa Geita akacheka: "Ninyi mna jina. Sisi hata hilo hatuna." Kweli, mgodi wa Geita ni wa AngloGold Ashanti, na hisa zake ukizitaka nenda Johannesburg au New York.

Halafu kulikuwa na 2017. Machi serikali ikazuia makinikia yasisafirishwe, Julai ikaidai Acacia kodi na faini za dola bilioni 190. Bei London ikaporomoka. Nikasema ndiyo wakati wa kununua, rahisi! Tukapiga kura, watatu kwa wawili. Nikashindwa. Tukanunua CRDB.

Septemba 2019 Barrick ikachukua hisa zote za Acacia zilizobaki mikononi mwa wengine, ikilipa 0.168 ya hisa yake kwa kila moja. Jina likafutwa London na Dar. Mwaka 2020 ikaja Twiga, serikali ina asilimia 16, nayo haipo sokoni.

Siku ile dada yule alinitumia ujumbe wa neno moja: "Karatasi?"

Gawio letu la kwanza la CRDB lilinunua kuku mmoja na soda tano. Paja alichukua yeye.